Ndugu wa Fundi Cherehani

Dévote alipokuja kujiandikisha, mwezi wa kwanza mwaka tisini na nane, alimwambia Mwalimu Rachid neno ambalo hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kumwambia.

"Mi sitaki kuongea Kiingereza," alisema. "Nataka kusoma tu. Tena si zile sentensi za salamu. Nataka ndefu."

Rachid alimtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Kifaransa alikijua cha shule. Alikuwa ametoka Carama, kaskazini kabisa ya mji, kwa miguu, na ilimbidi awe amerudi kwake kabla barabara hazijafungwa. Alipoulizwa jina aandikwe vipi, alisema watu humwita Mama Chanelle, lakini kwenye daftari aandike Dévote.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya Chabani, Buyenzi. Miaka ile ya vita mitaa mingi ya Bujumbura ilikuwa imetengana, hawa huku na wale kule, na mtu akikosea njia hakurudi. Buyenzi watu walibaki wamechanganyika, kwa hiyo mwanafunzi wa upande wowote aliweza kufika kwa Rachid na kuketi kwenye benchi moja na mwenzake bila kuulizana mengi. Kabla ya hapo Rachid alifundisha sekondari moja ya serikali kwa miaka kumi na mitano, mpaka madarasa yalipoanza kupungua, dawati hili leo, dawati lile kesho, na mwisho shule ikafungwa. Wanafunzi wake wa sasa walikuwa watu wazima. Wengi walitaka kwenda Nairobi au Kampala, wengine walitafuta kazi kwenye mashirika ya wageni. Wote walitaka kuongea. Kusoma vifungu virefu waliona ni adhabu.

Hapo ndipo Rachid alipokuwa hodari. Hakuna aliyemfikia mjini kote kwa kuifungua sentensi changamano, na yeye mwenyewe alijua. "Isiwatishe," aliwaambia, chaki mkononi. "Tafuteni kwanza kitenzi kikuu, mkipigie mistari miwili. Kila kishazi kinachoanza na *although*, *because*, *when*, kitieni ndani ya mabano, kikae kando kwanza. Mkimaliza, tafuteni kila *who*. Ni kama *qui* ya Kifaransa. Muulizeni huyo *who*: unamsema nani? Halafu mchore mshale kutoka kwake urudi kwa jina la huyo mtu."

"Na kama majina ni mawili?" Dévote aliuliza siku ya kwanza.

"Jina lililo karibu. *Who* hushika jina la jirani yake. Hiyo ndiyo kanuni."

Aliandika kanuni katika daftari lake, akaipigia mstari.

Alijifunza haraka kuliko wote. Wenzake walipokuwa wakifanyiana mzaha wa kuagiza chai hotelini, yeye aliketi pembeni na vifungu ambavyo Rachid alimnakilia kutoka vitabu vya mitihani ya zamani: safari za meli, ugonjwa wa malaria, historia ya reli. Hakuuliza reli ilijengwa wapi. Aliuliza kwa nini kitenzi kimekaa mbali hivyo na mtendaji wake. Rachid alifurahi kumpata mwanafunzi wa namna hiyo, akawa anamngojea.

Mwisho wa mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, darasa lilipokwisha Dévote alibaki. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. Upande mmoja ilikuwa na doa la kahawia lililokauka, limekula mistari mitatu ya mwisho.

"Hii ndiyo nilijia," alisema. "Nimejaribu peke yangu nyumbani. Nataka nisome mbele yako, we unisikilize tu. Usinisaidie mpaka nikuombe."

Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa ripoti ya shirika la nje, habari za watu waliouawa katika nyumba moja ya Carama, mwezi wa pili mwaka tisini na saba. Majina hayakuwemo. Rachid hakuhitaji kusoma. Aliona mistari miwili ya penseli chini ya kitenzi kikuu, akaona mabano, akaona mshale uliopinda kurudi kwenye neno la fundi cherehani. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, Rachid.

Dévote alianza kusoma. Matamshi yake yalikuwa mabaya, lakini hakuruka neno. Akafika kwenye ile sentensi, akaitafsiri kipande kwa kipande, kidole kikitangulia.

"Ingawa wengi walionusurika walikimbia kabla ya alfajiri... watatu kati yao walikumbuka kumwona, kwenye kizuizi cha barabarani... ndugu ya fundi cherehani ambaye siku mbili kabla ya mauaji aliwaonyesha wenye bunduki ile nyumba." Alinyanyua macho. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Fundi cherehani ni mume wangu. Melchior. Carama fundi mwenye ndugu alikuwa yeye tu, kila mutu alijua ni nani anasemwa. Walikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana, yuko kwenye mashine. Karatasi hii niliikuta kwenye mfuko wa shati yake. Walimwekea, ili tujue sababu." Alisema yote hayo kwa sauti ileile aliyotumia kusoma. "Waliomuua nawajua, tunachota maji bomba moja. Siulizi hao. Mi nataka kujua karatasi inasema nini, kwa sababu Melchior aliniapia hakumwonyesha mutu nyumba ya mutu, na watoto wangu huko shuleni wanaitwa watoto wa muuza watu."

Dévote alirudisha kidole kwenye karatasi.

"Mshale huu sijui nani aliuchora. Unarudi kwa fundi. Lakini mwalimu, hauwezi kwenda mpaka hapa?" Kidole kilirudi nyuma maneno mawili, kikasimama juu ya ndugu. "Kama mi nikisema, nimeona ndugu ya fundi ambaye alionyesha nyumba. Ni nani alionyesha? Mutu anaweza kusikia ndugu. Mutu anaweza kusikia fundi. Hata kwa Kiswahili. Hata kwa Kifaransa, *le frère du tailleur qui*. Nimejaribu zote."

Kanuni ilimjia Rachid mdomoni, akafungua kinywa kuitamka, haikutoka.

"Unaweza," alisema.

"Yote mawili yanawezekana?"

"Yote mawili."

Upande wa pili wa ukuta watu wa Chabani walikuwa wakigonga bati.

"Kwa hiyo aliyechora mshale alichagua," alisema, akaikunja karatasi, akaondoka kuwahi njia.

Mwanaume aliyeileta karatasi ile aliitwa Zénon. Alikuja mwezi wa nane mwaka uliopita, amevaa vizuri, mstaarabu, akasema ni habari za kifo cha baba yake naye Kiingereza hakijui. Rachid alimpa pole. Kisha alichukua penseli na kufanya alichokifanya mara elfu mbele ya wanafunzi. Akakumbuka sasa, na lile ndilo lililomchoma zaidi, kwamba alifanya kwa raha, akimweleza mgeni jinsi sentensi ngumu inavyolegea ukijua pa kushika. "Kwa hiyo ni fundi," Zénon alisema. "Ni fundi," Rachid alisema. Zénon alishukuru kwa mikono miwili. Jambo lote halikuzidi robo saa.

Wiki ile Rachid hakulala sawasawa. Mke wake, Saliha, alimuuliza kama ni tumbo, akasema ndiyo, ni tumbo. Alifungua vitabu vyake vyote vya sarufi akitafuta mahali ambapo kanuni ile imeandikwa. Katika vitabu vitatu hakuiona kabisa. Katika cha nne aliiona, chini yake maandishi madogo yakisema kwamba mara nyingi ni maana, si ukaribu, inayoamua, na pale maana isipoamua sentensi ina utata. Kitabu kile alikuwa nacho miaka kumi na miwili. Maandishi yale madogo hakuwahi kuyasoma.

Alhamisi iliyofuata alimwomba Dévote abaki. Hakuzunguka.

"Mshale niliuchora mimi."

Dévote alikuwa anafunga begi. Mikono ikasimama.

"Nilifikiri ni mutu wa mbali," alisema baadaye. "Mzungu labda. Ama mutu wa ofisi." Kisha: "Alikuambia anaitakia nini?"

"Alisema ni kifo cha baba yake. Sikuuliza zaidi."

"Ulitumia muda gani?"

"Dakika kumi. Pengine kumi na tano."

Alichukua begi, akatoka bila kuaga. Rachid alisikia hatua zake zikipita karakanani, na sauti ya Chabani ikimsalimu, na hakuna jibu.

Majuma mawili hakuonekana. Rachid aliendelea kufundisha, lakini kila alipofika kwenye mshale chaki ilimshinda, akawapa wanafunzi mazoezi ya kuongea, nao wakafurahi. Juma la tatu Dévote alirudi, akaketi mahali pake kama kawaida, na darasa lilipokwisha akasogea mezani.

"Walioandika ripoti wanajua walichosikia," alisema. "Juu ya ukurasa kuna anwani. Tutawaandikia. Utaandika we, lakini mi nitasoma kila neno kabla haijafungwa."

Waliandika mchana mzima. Rachid hakutumia hata kishazi kimoja tegemezi. Kila sentensi ilikuwa na mtendaji mmoja na kitenzi kimoja. Mtu mmoja ameuawa. Sentensi yenu ina maana mbili. Tunaomba mtuambie maana moja. Dévote alisoma, akafuta neno "tafadhali" lililojirudia mara tatu, akatia sahihi. Kwa kuwa vikwazo vya biashara vilikuwa bado vinaibana nchi na posta haikutegemewa, barua ilipewa mtawa mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi, aitume kutoka kule.

Jibu lilifika mwezi wa saba, kwa mkono wa mtawa yuleyule. Dévote hakulifungua njiani. Alikuja nalo Buyenzi, akakata bahasha kwa wembe wa Rachid, akasoma kimya. Rachid alikaa ng'ambo ya meza akitazama kidole chake. Kilikwenda, kikasimama, kikarudi mwanzo wa mstari, kikaenda tena. Kisha alisoma kwa sauti, moja kwa moja kwa Kiswahili:

"Baada ya kurudia maandishi ya mazungumzo na mashahidi wote watatu, ambayo hatuwezi kuyatoa, tunathibitisha kwamba aliyewaonyesha watu hao nyumba alikuwa ndugu, si fundi mwenyewe, na tunasikitika kwamba sentensi yetu iliruhusu maana nyingine."

Aliweka barua mezani.

"Ni shemeji," alisema.

Rachid alimjua shemeji huyo kwa kusikia. Dévote alikuwa amemtaja mara moja mbili: Népomuscène, mdogo wa Melchior, mwenye duka la misumari na mabati Rohero, katikati ya mji. Tangu msiba ndiye aliyewalisha. Kila Jumapili alileta maharagwe, unga na sabuni, akawaketisha watoto magotini, akawakagua madaftari.

"Jumapili hii pia alikuja," Dévote alisema. "Alimletea Chanelle viatu."

Rachid alimuuliza atafanya nini. Dévote alisema hajui. Alisema akiikalia kimya, Melchior atabaki muuza watu mpaka watoto wazeeke. Akiitoa, Zénon na wenzake wataenda Rohero kama walivyokuja kwake. "Barua hii inaua," alisema, "kama ile karatasi ya kwanza. Tofauti ni kwamba hii inasema kweli."

Siku ya tatu alimwomba waende pamoja. Duka la Népomuscène lilikuwa dogo, lenye giza, linanuka chuma. Mwenyewe alikuwa mwanaume mnene mwenye macho ya upole. Alipomwona shemeji yake na mtu asiyemjua alitoa viti viwili, akauliza watoto hawajambo. Dévote hakuketi. Alisoma barua yote kwa Kiingereza kwanza, polepole, huku Népomuscène akimtazama Rachid kama mtu anayeomba kuelezwa. Halafu akaisoma kwa Kiswahili.

Népomuscène aliketi juu ya mfuko wa misumari.

"Walinisimamisha pale kizuizini," alisema. "Mwanangu Mwanangu Valéry alikuwa na mi kwenye gari. Miaka saba. Walimtoa, wakamshika hapa." Alijishika nyuma ya shingo. "Wakasema, nyumba ya mzee wake Zénon ni ipi? Nikanyoosha mkono. Shemeji, nilinyoosha mkono tu."

"Na walipokuja kwa Melchior?"

"Nilikuwa hapa dukani. Nilipata habari jioni."

"Ulijua wamemkosea."

"Nilijua."

"Ulimzika. Ulibeba jeneza mbele."

Mteja aliingia kuulizia bawaba, akaona nyuso zao, akatoka.

"Jumapili," Dévote alisema, "misa ikiisha, nitasoma barua hii kwenye uwanja wa kanisa, Carama. Leo ni Jumatano. Nakupa siku hizo. Sikupi kwa sababu yako. Ni kwa sababu ya Valéry."

Ijumaa duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili. Jirani mmoja alisema amewaona, mume, mke na mtoto, kwenye njia ya Uvira, Kongo, na mabegi matatu.

Jumapili Rachid alivaa shati safi akaenda Carama, Mwislamu pekee uwanjani. Watu walipotoka kanisani Dévote alipanda kwenye ngazi ya juu, Chanelle na mdogo wake wakiwa chini yake. Wengi walifikiri anatangaza misa ya kumbukumbu. Alisoma kwa Kiingereza, na watu wakaanza kunong'onezana, maana hakuna aliyejua kwamba mjane wa fundi anajua lugha hiyo. Kisha akasoma kwa Kirundi. Minong'ono ikakoma.

Alipomaliza Rachid alisogea mbele. Hakuwa ameombwa. Dévote alikuwa amemwambia wazi kwamba si lazima. "Karatasi ya kwanza niliisoma mimi," alisema kwa Kiswahili. "Ilikuwa na maana mbili. Mimi nilisema moja. Nilisema ni fundi."

Zénon alikuwa amesimama karibu na lango, suti ya kijivu, mama yake mzee amemshika mkono. Watu waliokuwa jirani yake walisogea kidogo, huku na huku, mpaka wakabaki wawili peke yao.

"Uliniambia ni fundi," Zénon alisema kwa mbali.

"Nilikuambia."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Mara moja," Rachid alisema. "Uliuliza mara moja, nami nilijibu mara moja."

Zénon alitikisa kichwa kama mtu anayejaribu kukumbuka. Mama yake alimuuliza, kwa Kirundi, kinachosemwa ni nini, maana alikuwa hasikii vizuri, na Zénon hakumjibu. Akamuuliza tena. Zénon akamshika mkono, akamgeuza taratibu, wakatoka.

Hakuna aliyekwenda kwa Dévote kumpa mkono siku ile. Watu walitawanyika kwa njia zao kama wanaotoka mazishini. Padri alisimama mlangoni na kanzu yake, asijue aingie ndani au ashuke. Mwanamke mmoja tu, Prudence, aliyekuwa akishonesha sare za watoto kwa Melchior, alisimama mbele ya Chanelle, akamrekebishia kola, akaenda zake.

Zénon aliondoka Carama kabla ya mvua. Wengine walisema amejiunga na wenye bunduki, wengine kwamba amekwenda kutafuta mtu Uvira. Kama alimpata, Bujumbura haikusikia. Watoto wa Dévote hawakuitwa tena lile jina. Wala hawakupata tena maharagwe ya Jumapili, na mwaka ule chakula kilikuwa shida kila mahali; Dévote aliiuza mashine ya Melchior, kisha meza yake ya kukatia nguo, kisha mabati ya kibanda. Rachid alimpelekea unga mara mbili. Mara ya kwanza aliupokea. Mara ya pili aliurudisha na ujumbe kwamba amepata kazi ya kufua kwenye hospitali moja, ampe mwingine.

Darasani hakurudi. Mtu wa shirika moja la wageni alisikia habari zake, akaja kwa Rachid kumuulizia: walihitaji mtu wa kusoma taarifa za Kiingereza, mshahara mzuri. Rachid alikwenda mwenyewe mpaka hospitali kumwambia. Alimkuta uani, mikono imo kwenye beseni mpaka viwikoni, mashuka yamejaa kamba nyuma yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Apana, mwalimu," alisema. "Mi nilitaka ile sentensi moja tu."

Akakamua shuka, akalikung'uta, akamwomba Rachid amshikie upande mmoja walitandaze kwenye kamba.